Kupeana neno la siri la Wi-Fi nyumbani pale simu zisipofanana

Jumapili moja baada ya chakula, mjomba aliyekuwa ametufikia kutoka Kitwe kwa njia ya Kasumbalesa aliketi chini ya mwembe wa lupango letu, yaani kiwanja chetu, hapa Katuba, Lubumbashi, akatoa simu yake na kuomba neno la siri la Wi-Fi ili awajulishe wa nyumbani kwake kwamba amefika salama. Binti wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alimsomea herufi moja baada ya nyingine kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa shuleni, naye mjomba akaziandika kwa masikio ya mtu aliyesoma kwa Kiingereza. Simu ikakataa. Wakarudia polepole zaidi, ikakataa tena. Mara ya tatu mjomba aliweka simu mapajani, akasema kwa upole, "Mwanangu, labda mtandao wenu hautaki watu wa Zambia."

Kosa halikuwa la mtandao. Neno lile lilikuwa na J mbili na I moja. Kwa Kifaransa J hutamkwa "ji", na "ji" kwa mtu wa Kiingereza ni G. I hutamkwa "i", na "i" kwake yeye ni E. Kadiri binti alivyotamka vizuri, ndivyo mjomba alivyozidi kukosea. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kuwasomea watu herufi za Wi-Fi, na maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kuifanya simu moja iipe nyingine neno hilo bila mtu yeyote kulitamka, hata kama moja ni iPhone, nyingine ni Tecno na ya tatu ni Samsung iliyopasuka kioo. Majina ya menyu nayataja kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo simu nyingi za hapa kwetu zilivyopangwa. Mwenye simu ya lugha nyingine atayakuta mahali palepale.

Kwa nini tuanze na msimbo wa QR

Kampuni za simu zimebuni njia zao za kupitisha neno la siri, lakini nyingi kati ya hizo huishia mlangoni mwa kampuni yenyewe: njia ya Apple hufanya kazi kati ya vifaa vya Apple peke yake, na mwenye Infinix haimsaidii kitu. Msimbo wa QR hauna ubaguzi huo. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, nao si kitu zaidi ya maandishi yaliyogeuzwa kuwa vimiraba vyeusi na vyeupe. Ukiufumbua ule wa Wi-Fi utakuta mstari mmoja unaofanana na huu:

WIFI:T:WPA;S:LupangoYetu;P:kukusabasokonimvua;;

Herufi T hutangulia aina ya ulinzi, S hutangulia jina la mtandao, na P hutangulia neno la siri lenyewe. Simu yoyote inayoujua mpangilio huo, iwe imetoka kiwanda gani, husoma mstari, hutafuta mtandao wenye jina hilo na kujiunga.

Mstari huo unatufundisha jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Hakuna kilichofichwa ndani yake. Wapo wanaodhani kwamba vimiraba vile ni aina ya kufuli, na kwa hiyo huutuma msimbo katika kundi la WhatsApp la ukoo mzima bila wasiwasi. Lakini anayeupiga picha amekwisha kulipata neno lako la siri, kwa kuwa programu yoyote ya kusoma misimbo inaweza kumwonyesha maandishi yaliyomo. Msimbo hutuondolea makosa ya kuandika. Kulinda mtandao si kazi yake.

Simu ya Android ikiwa ndiyo inayotoa

Hii ndiyo hali rahisi kuliko zote. Tangu toleo la 10 la Android, lililotoka mwaka 2019, simu huonyesha msimbo wa mtandao iliounganishwa nao bila kuhitaji programu ya ziada. Fungua Paramètres, ingia Réseau et Internet, kisha Internet au Wi-Fi, gusa jina la mtandao au alama ya gurudumu iliyo kando yake, halafu gusa Partager. Kwenye Samsung njia hupitia Connexions, kisha Wi-Fi, kisha gurudumu la mtandao unaoutumia. Kwenye Xiaomi na Redmi inatosha kugusa jina la mtandao ambao simu imeunganishwa nao, na msimbo hujitokeza. Tecno, Infinix na Itel hutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo, lakini kanuni haibadiliki: tafuta jina la mtandao unaoutumia sasa hivi, uliguse, na utafute neno Partager au picha ndogo ya vimiraba. Simu itakuomba alama ya kidole au namba yako ya kufungulia kabla ya kuonyesha msimbo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, maana bila hivyo mtoto yeyote anayeshika simu yako angeweza kuutoa nje.

Simu nyingi huandika pia neno la siri lenyewe chini ya msimbo. Likumbuke hilo, kwa sababu litatufaa tutakapofika kwenye simu zisizo na kamera ya kutegemewa.

Anayepokea akiwa na Android 10 au zaidi, aende kwenye orodha ya mitandao ya Wi-Fi, ashuke hadi chini penye Ajouter un réseau, na aguse alama ya vimiraba iliyo kando ya maneno hayo. Kamera itafunguka, naye ataielekeza kwenye msimbo. Kwenye simu nyingi kamera ya kawaida au Google Lens hufanya kazi hiyohiyo. Anayepokea akiwa na iPhone, afungue kamera yake ya kawaida kana kwamba anapiga picha, asubiri kiandiko kidogo kitokee, akiguse na kukubali kujiunga. Kamera ya iPhone imekuwa ikisoma misimbo hii tangu iOS 11 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone) ya mwaka 2017, kwa hiyo hata iPhone ya mtumba iliyochakaa ina uwezo huo.

Kwa mjomba tulifanya hivyo mwishowe, na bado msimbo ulikataa mara ya kwanza. Nilipochungulia niliona kwamba kidole gumba cha binti kilikuwa kimefunika pembe moja ya chini. Msimbo una miraba mitatu mikubwa kwenye pembe zake, na kamera huitumia hiyo kujua upande wa juu ni upi na mwisho wa msimbo ni wapi. Mmoja ukifunikwa, kamera haioni msimbo bali madoa tu. Alipoondoa kidole, na tulipotoka juani na kuingia kivulini ili kioo kisimeremete, simu ya mjomba ilijiunga kabla hajamaliza kuuliza kama ameshika sawasawa.

Ufa wa kioo, kwa upande mwingine, si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Msimbo umetengenezwa kwa namna ya kurudia sehemu ya habari zake, na kwa kutegemea kiwango kilichochaguliwa unaweza kusomeka hata kama asilimia 7 hadi 30 ya eneo lake imeharibika. Ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, futa lenzi ya simu inayopokea kwa kitambaa, shikilia simu mbili kwa umbali wa kiganja kimoja, na usitikise.

iPhone kwa iPhone

Hapa Apple imerahisisha mambo kupita kiasi, mradi masharti yote yatimie. Anayepokea hufungua Réglages, huingia Wi-Fi na kugusa jina la mtandao. Anayetoa, ambaye simu yake imefunguliwa na imeunganishwa na mtandao uleule, ataona dirisha likimuuliza kama anataka kushiriki neno la siri. Akigusa Partager le mot de passe, kazi imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyeliona neno lenyewe.

Masharti ni haya. Simu zote mbili ziwe na Wi-Fi na Bluetooth zilizowashwa na ziwe karibu. Partage de connexion, yaani ile hali ya simu kugawa mega (bando la intaneti) zake yenyewe, iwe imezimwa kwenye zote mbili. Kila simu iwe imeingia katika akaunti ya Apple ya mwenyewe, na anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo iwe imehifadhiwa katika orodha ya majina ya simu ya mwenzake. Sharti hili la mwisho ndilo linalowaangusha watu, kwa sababu sisi huhifadhi namba za simu na si anwani za barua pepe. Nani kati yetu anajua barua pepe ya shemeji yake?

Hapa Lubumbashi kuna kikwazo kingine ambacho hakimo katika maelezo ya Apple. Yaya wangu alinunua iPhone yake mjini, ikiwa imetumika, na muuzaji akamwekea akaunti aliyoitengeneza mwenyewe palepale dukani ili programu zipakuliwe haraka. Tulikaa karibu nusu saa tukigusa na kuzima na kuwasha, na lile dirisha halikutokea, kwa kuwa anwani ya akaunti ile haikuwa katika orodha ya mtu yeyote wa nyumbani, wala yaya mwenyewe hakuijua. Ukiwa katika hali kama hiyo usipoteze muda kutafuta kosa kwenye Wi-Fi. Mfungulie mwenye simu akaunti yake mwenyewe siku hiyohiyo, maana anayemiliki akaunti ana uwezo wa kuifunga simu hiyo kutoka mbali, na neno la siri la Wi-Fi ni dogo mbele ya hilo.

iPhone ikiwa inatoa kwa Android

Huu ndio upande ulio mgumu, na ugumu wake unategemea umri wa iPhone.

Yenye iOS 18, iliyotoka mwaka 2024, au toleo lolote lililofuata, ina programu iitwayo Mots de passe. Ifungue, gusa Wi-Fi, chagua mtandao, na utaona mahali pa kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao huo. Simu ya Android itausoma kama inavyousoma msimbo wa Android mwenzake. Toleo hili hupatikana kwa iPhone XR, XS na zilizokuja baadaye.

Yenye iOS 16 au 17 haina msimbo huo tayari, lakini huweza kulionyesha neno la siri: ingia Réglages, kisha Wi-Fi, gusa ile herufi i iliyozungushiwa duara kando ya jina la mtandao, kisha gusa mstari wa Mot de passe, na simu itakitaka kidole, uso au namba yako. iPhone 8 na iPhone X, ambazo bado zimejaa mikononi mwa watu hapa mjini, ziliishia iOS 16, kwa hiyo zimo katika kundi hili.

iPhone 6s na iPhone 7 ziliishia iOS 15, na humo neno la siri la Wi-Fi halionekani mahali popote kwenye mipangilio. Simu hizo zinaweza kumpa mwenye iPhone mwenzao kwa ile njia ya dirisha, na haziwezi kumpa mwingine yeyote. Usihangaike nazo, nenda kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ikiwa neno lililoandikwa pale halijabadilishwa.

Kwa makundi haya mawili ya mwisho kuna ujanja mmoja ambao umetuokoa mara nyingi: mwandikie neno la siri mtu mmoja tu mwenye Android ya toleo la 10 au zaidi, mara moja, kwa uangalifu, na tangu hapo simu hiyo ndiyo iwe inawaonyesha wengine wote msimbo. Katika lupango la watu tisa, neno huandikwa kwa mkono mara moja badala ya mara nane.

Simu za zamani na simu za vitufe

Android ya chini ya toleo la 10 hujiunga vizuri, ila kwa kawaida haiwezi kuonyesha neno ililokwisha kulihifadhi, na kamera yake huenda isisome msimbo. Simu ya vitufe yenye Wi-Fi itaandikiwa neno kwa kidole, kitufe kimoja kikibonyezwa mara tatu ili kupata herufi moja. Hapo ndipo utakapotambua thamani ya neno la siri lililochaguliwa kwa akili.

Wi-Fi ya nyumbani yenye ulinzi wa WPA2 hukubali neno la herufi 8 hadi 63, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti. Watu hudhani kwamba usalama uko katika vikorombwezo, wakaandika kitu chenye alama ya dola, sifuri, herufi O na herufi l ndogo inayofanana na namba moja, kisha wakashindwa wenyewe kukiandika. Mimi napendelea maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyoshikanishwa kwa herufi ndogo tupu, kama ule mfano wa kuku, saba, sokoni na mvua nilioutoa juu, ambao bila shaka usiuchukue kama ulivyo. Urefu wake ni herufi 18, na mtu aliyesoma kwa Kifaransa na aliyesoma kwa Kiingereza huyaandika maneno hayo kwa namna ileile, kwa kuwa huambiwa maneno wala hasomewi herufi. Mjomba angeandika sawa tangu mara ya kwanza. Epuka pia nukta-mkato, mkato, nukta pacha, mkwaju wa kurudi nyuma (\) na alama za nukuu: hizo zina kazi yake ndani ya ule mstari wa QR, na misimbo iliyotengenezwa ovyo huvunjika inapokutana nazo.

Wengine watakuambia ubonyeze kitufe cha WPS nyuma ya ruta, kile cha kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri. iPhone haikuwahi kukubali njia hiyo, na Android iliiacha tangu toleo la 9. Tena udhaifu wake wa kiusalama umejulikana tangu mwaka 2011, kwa hiyo ukiikuta imewashwa katika ruta yako, izime.

Neno ni sahihi lakini simu haijiungi

Kwanza uliza kama neno lilipitia WhatsApp. Mtu anapoandika ujumbe, kibodi huigeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa, kwa hiyo kuku huanza kwa K kubwa na simu ya mpokeaji hukataa. Na anayenakili kutoka kwenye ujumbe mara nyingi huchukua nafasi tupu iliyo mwishoni, ambayo macho hayaioni lakini ruta huihesabu kuwa herufi. Gusa alama ya jicho kwenye kisanduku cha neno la siri ili uone kilichoandikwa, kisha peleka kishale hadi mwisho na ufute kilichozidi.

Pili, angalia kama simu inaliona jina la mtandao. Ruta za kisasa hurusha mawimbi ya aina mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5, na simu nyingi za bei nafuu huona yale ya 2.4 tu. Ruta ikiwa na majina mawili tofauti, msimbo wa jina la GHz 5 hautamfaa mwenye simu ya namna hiyo hata ukisomeka vizuri. Toa msimbo wa ule wa 2.4, ambao pia hupenya kuta za matofali vizuri zaidi na hufika hadi nyumba ndogo ya nyuma.

Tatu, ikiwa ruta ni mpya na imewekwa ulinzi wa WPA3 peke yake, simu nyingi zilizotengenezwa kabla ya kiwango hicho cha mwaka 2018 hazitaingia. Chagua hali inayochanganya WPA2 na WPA3. Na ikiwa mwenye ruta ameweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, ajue kwamba iPhone tangu iOS 14, na Android tangu toleo la 10, huweza kujitambulisha kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, hivyo simu inayofahamika hugeuka mgeni.

Ukishindwa kote, gusa Oublier kwenye mtandao huo, zima Wi-Fi, iwashe, uanze upya. Neno la siri likiwa limebadilishwa, simu nyingine hung'ang'ania la zamani hadi zisahaulishwe.

Swali lingine huulizwa kila mara: je, mtu aliyetumiwa picha ya msimbo atausoma vipi wakati simu yake ndiyo yenye picha? Kwenye Android, aifungue picha kwa Google Lens. Kwenye iPhone zenye matoleo ya karibuni, aifungue katika Photos na kuubonyeza msimbo kwa muda kidogo. Njia ya kizamani ya kuazima simu ya jirani na kuonyeshana bado ni ya haraka zaidi.

Pasipo na ruta

Nyumba nyingi hapa hazina ruta. Kuna simu moja yenye mega na wengine huitegemea. Kwenye Android, ukurasa wa kugawa mtandao una alama ileile ya vimiraba, na kila nilichosema juu ya msimbo hutumika. Kwenye iPhone, washa Partage de connexion na ubaki katika ukurasa huo mpaka wote wajiunge. iPhone 12 na zilizofuata zina pia chaguo la Maximiser la compatibilité; liwashe, kwa sababu huilazimisha simu kurusha mawimbi ya GHz 2.4 ambayo simu ndogo za wadogo zako zinaweza kuyaona.

Kabla hujampa mtu, linda mega

Ruta yetu hutumia kadi ya SIM na mega tunazonunua, wala si waya unaoingia nyumbani usiku na mchana bila hesabu. Simu, hata hivyo, haijui hilo. Ikishaiona Wi-Fi huamini kwamba imefika penye mtandao wa bure, na papo hapo huanza kupakua matoleo mapya ya programu na kupandisha picha na video zote za mwezi mzima. Mgeni anakuwa ameketi anakula bukari (ugali) kwa utulivu, simu yake iko mfukoni, na mega za wiki zinayeyuka.

Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kumwunganisha mtu ni kumwomba simu yake kwa dakika moja, kwa adabu, na kuibadilisha mbele ya macho yake. Kwenye iPhone gusa ile i ya duara kando ya mtandao na uwashe Mode données réduites, ambayo ipo tangu iOS 13. Kwenye Android gusa mtandao, tafuta sehemu ya matumizi, na uchague kwamba mtandao huu hulipiwa kwa kipimo. Kifaransa chake huwa na maneno facturé à l'usage. Mgeni bado ataweza kuzungumza na watu wake na kusoma habari.

Wa nyumbani na wa kupita

Nimesema kwamba msimbo haufichi kitu, na jambo hilo lina matokeo: huwezi kumnyang'anya mtu mmoja neno la siri ulilokwisha kumpa. Linabadilishwa kwa wote au halibadilishwi kabisa. Ruta nyingi hutoa njia ya kuepuka hilo, nayo ni kufungua mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, ambao mipangilio ya Kifaransa huuita réseau invité. Andika kwenye kivinjari namba ya ruta iliyo kwenye kibandiko, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, ingia kwa neno la msimamizi, na uupe mtandao huo jina na neno lake. Neno la msimamizi si lile la Wi-Fi, na likibaki lile la kiwandani, yeyote aliyejiunga anaweza kuingia humo na kukufungia nje ya ruta yako mwenyewe. Libadilishe kabla ya mambo mengine yote.

Sisi hubadilisha neno la wageni kila baada ya sikukuu, watu wanapokuwa wamerudi makwao, na lile la wenyeji hatuligusi. Msimbo wa wageni nimeuchapisha kwenye duka la fotokopi, kwa ukubwa wa kiganja. Yule kijana wa dukani alitaka kuukata karibu sana na vimiraba ili upendeze, nikamzuia, kwa sababu ukingo mweupe unaouzunguka ni sehemu ya msimbo, na bila huo kamera hupotea. Sikuubandika sebuleni, ambako mtu aliye dirishani angeweza kuupiga picha kutoka barabarani. Uko ndani ya mlango wa kabati la vyombo, jina la mtandao likiwa limeandikwa chini yake kwa kalamu, na mjomba alipokuja tena kutoka Kitwe alilifungua kabati mwenyewe, simu ikiwa mkononi, kabla ya kuvua koti.